Baba Mkwe Nyuma ya Shuka

Ukifika Mugumu ukauliza ukumbi wa picha ni wa nani, utaonyeshwa mimi. Nasema mapema ili tusipoteze muda. Shule niliiacha darasa la nne, na hesabu nilizo nazo nilifundishwa na mafuta ya jenereta. Wenzangu waliomaliza madarasa yote wanakuja kwangu Jumapili, wanapanga foleni, wanauliza kama viti vya mbele bado vipo.

Lakini leo namsifu mtu mwingine, baba mkwe wangu, mfugaji wa Nyanungu. Ni mzee wa koti la kaki lisilovuliwa hata jua likiwaka vipi. Habari za ukoo wake mtawauliza wenye ukoo. Mimi namjua kwa picha. Kwa picha za Wahindi na za Wamarekani, toka Sirari mpaka Musoma, sijakutana na mtu wa kubishana naye akashinda.

Nilianza na banda la mabati pale sokoni Nyanungu. Nilikuwa na televisheni ya chogo, deki moja, jenereta ya kuvuta kamba, na kipaza sauti cha kutafsiria. Kihindi sikijui. Kiingereza nilichokuwa nacho kingeenea kwenye kisoda kikabaki na nafasi. Lakini nilitafsiri, na watu walielewa kuliko wenye picha walivyokusudia. Mtu akilia, unajua amefiwa au amedanganywa. Akifungua mlango kwa teke, unajua hakuja kusalimia. Mengine unayamalizia mwenyewe.

Mzee aliingia mara ya kwanza siku ya mnada, akiwa ameuza dume. Alikaa benchi la mbele kabisa, fimbo katikati ya magoti, koti limefungwa vifungo vyote. Siku hiyo ilikuwa ya Wamarekani. Kijana mmoja alikuwa anakimbizwa na majambazi kwenye mtaa wa maghorofa, anakimbia, anaanguka, anainuka. Mzee akasimama, akamwita kwa neno letu la kumwita kijana.

"Piga yowe, mura! Piga yowe!"

Banda zima likacheka. Akageuka, akatuangalia kama tumetukana.

"Mnacheka nini? Nyumba zote zile zina watu. Angepiga yowe mara moja tu wangetoka na mapanga."

Kijana wa nyuma akamjibu, "Mzee, kule hata upige yowe hatoki mtu."

"Basi kule hakuna watu," akasema, akaketi. "Kuna nyumba tu."

Toka siku hiyo, Mmarekani akikimbizwa, banda zima la Nyanungu lilikuwa linapiga yowe. Nimewahi kupata wateja waliotoka mashambani na silaha, wakidhani tumeibiwa ng'ombe. Wakishafika wanakuta picha inaendelea, basi wanalipa wanakaa.

Kosa kubwa la Wamarekani, kwa maoni yake, lilikuwa msiba. Hakuwa na shida na watu kufa. Shida yake ilikuwa kwamba wakishakufa hakuna anayehangaika nao. Shujaa anapiga risasi watu stendi, anapanda gari, anakwenda kunywa kahawa. Mzee anainua fimbo kuniuliza mimi mtafsiri.

"Wale waliolala pale stendi, ndugu zao wamepewa habari?"

"Mzee, picha imeshaondoka pale."

"Picha imeondoka, maiti imebaki. Nani amelala msibani?"

Nikaona ananiharibia kazi, nikaanza kuweka misiba mwenyewe. Shujaa akiwa kwenye gari anaongea na simu, nilimtafsiri: "Halo, mjomba, wale marehemu nimeshatoa mchango, mtanisamehe sitafika mazishini." Mzee alitikisa kichwa, akaridhika. Najivunia sana jambo hilo. Watu wa huko Marekani walisahau, mimi nikawasaidia.

Kwa Mhindi msiba ulikuwepo. Kulikuwa na moshi, mama amejitupa chini, jirani wamejaa. Hapo mzee alitulia kama yuko kwao. Alikuwa anasema Mhindi ni mtu mwenye akili kwa sababu anajua kuwa jambo likizidi uzito maneno hayalibebi, ndiyo maana anaimba. Vijana walizilalamikia zile nyimbo, wanataka nipeleke mbele. Mzee aliwaambia, "Mkipeleka mbele wimbo, mtamkuta amefika kwa mama yake na nyinyi hamjui amefikaje."

Na mama ndiye aliyemmaliza. Mtu huyu alitahiriwa mbele ya kadamnasi bila kupepesa jicho, na jambo hilo alipenda kutukumbusha. Lakini Mhindi akipotezana na mama yake utotoni, wakakutana ukubwani, mama akamtambua kwa kovu, mzee wangu alikuwa anafuta macho kwa mkono wa koti.

"Sogeza jenereta," ananiambia. "Moshi."

Jenereta ilikuwa nyuma ya banda, ng'ambo ya ukuta, na upepo ulikuwa unapeleka moshi kwingine kabisa. Hakuna aliyethubutu kumwambia.

Jambo moja tu la Wahindi lilimshinda, mahari. Siku moja tulikuwa na picha ambayo baba wa binti anauza kila alicho nacho ili apeleke mali kwa kijana. Nilitafsiri kama nilivyoona, bado nilikuwa mgeni wa kazi. Mzee alinyanyuka akatoka nje. Akasimama kwenye jua, ameegemea fimbo. Baada ya muda akachungulia mlangoni.

"Bado wanatoa?"

"Bado, mzee."

Akarudi nje. Aliporudi mara ya pili nilikuwa nimeshapata dawa. Nikatangaza kwamba ile mali inayotolewa ni deni la zamani la baba, na kwamba kijana ameleta ng'ombe asubuhi, tumewakosa kwa sababu deki ilirukaruka. Akaketi. "Nilijua," akasema. "Watu wanaoimba vile hawawezi kukosa adabu."

Sasa sikiliza. Mzee akikawia, binti yake alikuwa anatumwa kumwita. Anasimama mlangoni, kitenge amefunga vizuri, hatazami televisheni hata kidogo.

"Baba, mama anasema ng'ombe wameshaingia."

"Mwambie awakamue. Huyu mama wa hapa bado hajapatana na mwanawe."

Binti anacheka, anaondoka. Mimi kipaza sauti kinabaki hewani, mdomo wazi, Wahindi wanaongea peke yao bila mtafsiri. Hivyo ndivyo nilivyompenda mke wangu, na waliokuwepo ni mashahidi kwamba niliruka maneno mengi siku hizo.

Nikamtuma baba yangu mdogo kwenda kuposa. Mzee alimpokea vizuri, akamkarimu togwa, akasema, "Kijana hana mji." Nikajenga. Baba mdogo akarudi. Mzee akasema, "Mji ninaouona una nyumba, hauna ng'ombe." Nikatafuta ng'ombe. Mimi sikurithi hata kamba ya kufungia ndama, lakini nilitafuta, mmoja mmoja, na kila aliyenicheka wakati ule leo ananiita bosi. Baba mdogo akaenda tena. Mzee akatazama mbali, akasema hali ya hewa si nzuri kwa harusi.

Nilikasirika. Nikaamini ananidharau kwa sababu ya darasa la nne. Na bado kila siku ya mnada yuko benchi la mbele, ananisalimia kwa furaha, "Mura, leo ni Wahindi au wale wasiozika?"

Aliyenifumbua macho ni binti mwenyewe, tulipokutana kwenye mashine ya kusaga.

"Wewe unafikiri baba hakutaki," akaniambia. "Baba anakutaka sana. Tatizo akikupa mimi, anakosa picha."

Ambaye si wa kwetu nimweleze. Mkwe na mkwe, kwetu, wana haya. Kusalimiana ruksa, kusaidiana ruksa. Lakini mzee kuketi na mkwe wake ndani ya banda moja, wanatazama mwanamume akimshika mwanamke kiuno, hiyo ni aibu ya kuitiwa wazee wa ukoo na kutozwa faini. Na picha isiyo na kiuno sijaiona, si ya Mhindi wala ya Mmarekani. Kwa hiyo siku ambayo mzee angepokea ng'ombe wangu, siku hiyo hiyo angelipoteza benchi lake. Alikuwa amewekwa kati ya binti yake na picha, na akawa anavuta siku.

"Kwa hiyo mimi nitazeekea nyumbani kwa sababu ya Wahindi?" binti akaniuliza.

Nilimwambia asubiri, mimi si mtu wa kushindwa.

Wakati ule nilikuwa nimeletewa projekta iliyotumika na ndugu zetu wa upande wa pili wa mpaka. Jamaa yao aliyenikabidhi pale Sirari alinipigia kifua, "Mkubwa, hii ni moto, televisheni utaipea kuku walalie." Nikatundika shuka jeupe katikati ya banda, nikawasha. Picha ikaja kubwa kuliko mlango. Shuka likawa linalegea upande mmoja, nikapita nyuma yake kwenda kukaza kamba. Nikiwa nyuma nikainua macho, nikamwona Mmarekani. Amekuja mzima, na farasi wake, kwenye upande wangu wa shuka.

Nilikaa chini nikacheka peke yangu. Nasema wazi, hakuna aliyenifundisha jambo hilo.

Nikatoboa mlango wa pili upande wa nyuma wa banda, nikaweka kiti cha mikono, nikamwita baba mdogo. "Nenda kamwambie."

Baba mdogo hadi leo anaisimulia safari ile. Alimkuta mzee zizini. Akamwambia: banda limegawanywa kwa shuka. Mbele ni watu wote. Nyuma kuna mlango wake peke yake na kiti chake peke yake. Picha inaonekana kote kuwili. Yeye hataona mtu, na hakuna mtu atakayemwona.

Mzee alimkuna ng'ombe shingoni.

"Na sauti?"

"Spika moja itageuziwa upande wako."

"Basi walete ng'ombe," akasema.

Harusi yetu ilijaa mpaka watu wakakaa juu ya mikokoteni. Siku ya mnada iliyofuata, mzee alipita nyuma ya banda akiwa na koti lake la kaki, akafungua mlango wake, akaketi. Tulisikia kiti kinalia. Nikawasha.

Nyuma ya shuka mambo yanageuka. Kulia kunakuwa kushoto. Baada ya picha chache nilimsikia anawaambia watu sokoni kwamba amegundua jambo ambalo sisi wa mbele hatujaligundua. "Wamarekani wote wanatumia mkono wa kushoto," akasema. "Ndiyo maana risasi zao nyingi zinakosa." Mtu akamweleza habari ya shuka. Akamtazama kwa huruma. "Wewe umekaa upande wa mbele. Utajuaje?" Maandishi nayo yalikuja kinyumenyume, lakini hapo hakupoteza kitu, hata yakija sawa hayamhusu. Mimi pia hayanihusu.

Kuhusu Wamarekani nilibishana naye miaka yote, kupitia shuka. Mimi ni mtu wa Marekani, siwezi kuficha. Picha zao fupi, kwa siku unaonyesha nyingi. Na yule mtu wao anaanza hana kitu, amepigwa, nguo zimechanika, mwisho anaondoka na gari. Huyo ni mimi. Nilikuwa nikisema hivyo kwenye kipaza sauti: "Mnamwona huyu? Hakusoma, lakini mtamtafuta!" Kutoka nyuma inakuja sauti, "Mama yake yuko wapi?"

"Baba, mama yake hayumo kwenye picha."

"Picha nzima hajaonyeshwa. Mtu asiye na mama, gari anampelekea nani?"

Watu wanashangilia. Mimi naongeza sauti ya spika.

Lakini asikudanganye mtu, Wamarekani aliwapenda, hasa wale wa zamani wa kofia na ng'ombe. Alisema Mmarekani alikuwa mtu safi kabisa alipokuwa anachunga, akaharibika alipohamia mjini. Hata hivyo hakuwaachia. "Ng'ombe mnawakimbiza hivyo na farasi," alikuwa anafoka, "jioni mtakamua nini? Vumbi?" Mke wangu anasema ikiwa siku ya picha za ng'ombe, mzee alikuwa anaamka mapema, anapiga brashi koti, anagombeza kila mtu pale nyumbani kwake kwamba wanamchelewesha. Na akiulizwa anakwenda wapi anajibu, "Kuwaangalia wale wapumbavu."

Kubusiana ndiko alikokuwa mkali. Mhindi anamkimbiza binti mlima mzima, anabadilisha mashati, mvua inanyesha, na bado hajamgusa. Hiyo aliiita adabu. Mmarekani anambusu mtu kabla hajauliza ni wa ukoo gani. "Akikuta ni dada yake?" alikuwa anauliza. "Atarudisha?" Mbele huku vijana wanaangusha viti kwa kicheko, na ninaapa wengi walikuwa hawalipii picha, walikuwa wanalipia sauti ya nyuma ya shuka.

Kisha likatokea ambalo wasomi wa biashara hawakulifikiria. Wazee wengine wakaanza kuuliza kama nyuma kuna nafasi. Kila mzee pale ana mkwe, na kila mkwe alikuwa amekaa mbele, kwa hiyo wazee wote wa Nyanungu walikuwa wamefungiwa nje ya starehe miaka yote na hakuna aliyeona. Nikaongeza viti. Wakaja na wamama wakwe, nikawatengea pembe yao na pazia. Upande wa nyuma ukajaa kuliko wa mbele, na baba mkwe wangu ndiye mkuu wao. Nilipohamia Nyambureti nikajenga banda la pande mbili. Nilipofika Mugumu, mafundi waliniambia sasa kuna skrini za ukutani, kubwa, hazina haja ya shuka. Nikawauliza, "Nyuma yake kuna nini?" Wakasema ukuta. Nikawaambia waondoke nayo.

Nilijenga ukumbi wangu wa Mugumu kwa matofali, milango miwili, shuka katikati limeshonwa na fundi, limevutwa kwa kamba juu. Ufunguzi niliuweka Jumapili mchana, watu wakitoka kanisani. Mzee wakati huo alikuwa amechoka, miguu haimtaki. Wanawe walimwambia atazame picha kwenye simu, akiwa kitandani. Alikataa. Alisema picha ya kutazama peke yako ni sawa na kucheka peke yako njiani. Wakampandisha basi, akafika, koti la kaki, vifungo vyote. Mke wangu alikuwa mlango wa mbele anakata tiketi. Mimi nilikuwa kwenye projekta na kipaza sauti. Nyuma walikuwa wazee wa Mugumu wamejaa, wengi ni mara yao ya kwanza, wameletwa na sifa za baba mkwe wangu. Alikuwa amewaapia kwamba pale heshima haivunjiki.

Nilichagua Mmarekani. Yule shujaa alipigana, alitoka, akamkuta mwanamke wake kwenye daraja. Wakasogeleana. Midomo ikakaribiana, mikubwa kama mitumbwi. Hapo kamba ya juu ikakatika.

Shuka lilishuka lote.

Ukumbi mzima uliona ukumbi mzima. Vijana mbele, wakwe zao nyuma, uso kwa uso. Na mwanga wa projekta haukuwa na shuka la kukamata, ukapita moja kwa moja, ukatua kwenye safu ya kwanza ya wazee. Yule mwanamke na yule mwanamume walikuwa wanabusiana juu ya koti la kaki la baba mkwe wangu, kifuani, vifungo vinameremeta katikati ya busu.

Nilijua kilichopo. Wazee wale wakinyanyuka, wametoka wote, na ukumbi wangu umekufa siku uliyozaliwa. Lakini la kwangu lingepona, ningeanza upya, nimezoea. La mzee ndilo lisingepona. Angeitwa na wazee wenzake aliowaapia, na asingekanyaga tena kwenye picha maisha yake yote. Na mimi sikukumbuka hata kufunika kioo cha projekta.

Mzee hakuinamisha kichwa. Hakufunika uso. Alitazama mbele kama mtu aliye peke yake, halafu akasema, polepole, sauti ya kawaida kabisa:

"Mkwe. Umeme umekatika?"

Taa ya mlangoni ilikuwa inawaka. Feni zilikuwa zinazunguka. Spika zilikuwa zinapiga muziki wa busu mpaka mabati yanatetemeka.

"Ndiyo, baba," nikasema. "Umekatika."

"Nimeshangaa giza," akasema.

Mzee wa kando yake, mwenye mkwe wake hatua chache tu mbele, akanyoosha mkono mbele ya uso wake. "Giza hili ni kali," akasema. "Mkono wangu siuoni."

"Hawa watu wa umeme hawana haya hata Jumapili," akasema mwingine. Na mama mkwe mmoja, kutoka pembeni, akalalamika kwamba amepoteza kiatu na hawezi kukitafuta bila kurunzi. Huku mbele vijana wakaanza kupapasa hewani kwa mikono, wanaulizana, "Uko wapi?" "Niko hapa, sogea." Watu walikuwa wametoa macho, jua la mchana linaingia mlangoni, na hakuna mtu hata mmoja aliyemwona mwenzake.

Nilipanda kwenye ngazi, nikafunga kamba, nikavuta shuka juu taratibu, likanyooka. Lile daraja likarudi mahali pake, pande zote mbili.

"Umerudi, baba," nikatangaza kwenye kipaza sauti.

"Nimeuona," akasema kutoka nyuma. "Tafsiri."